Kamba Tatu za Bruxelles

Usiku wa kuamkia safari, mke wangu alinikabidhi vipande vitatu vya kamba ya gunia la mchele. Chenye fundo moja ni urefu wa mguu wake, chenye mafundo mawili wa mama mkwe, chenye matatu wa kifungua mimba wetu. Namba za viatu hatuzijui. Viatu vyetu tunavinunua soko la Virunga, na vikifika Goma namba zimekwisha kufutwa na nyayo za wenyewe wa kwanza.

Ilikuwa mwisho wa Juni 2019. Kwa vile Ebola ilikuwa inaua watu Beni na Butembo, mpakani tulinawa maji ya klorini na kupimwa joto, ndipo tukaingia Gisenyi. Nikapanda basi la Kigali kuwahi ndege ya Bruxelles, nikiwa nimekumbatia koti zito la sufu, maana nani Goma asiyejua kwamba Ulaya ni baridi? Wiki hiyo Ulaya ilikuwa inaungua kwa joto. Watu wa Bruxelles walitembea nusu uchi. Mimi nilizunguka na koti begani kama mchuuzi, hadi mzee mmoja akaniuliza ninaliuza ngapi.

Mkutano ulionipeleka uliisha Ijumaa. Jumamosi nikaenda Rue Neuve, barabara ya maduka tu, isiyopita gari wala pikipiki. Mtu aliyezoea kukwepa chukudu, mikokoteni ya mbao ya Goma, hushindwa kutembea katikati ya njia tupu, kwa hiyo niliambaa ukutani. Ndani ya duka nikatoa kamba zangu, nikawa nazitumbukiza katika viatu, kimoja baada ya kingine. Mlinzi akaja akasimama nyuma yangu. Nikamwonyesha: huyu ni mke wangu, huyu mama mkwe. Akaniuliza kwa upole kama kuna mtu wa kumpigia simu.

Nilipopata jozi ya kufaa, nikamwambia binti wa dukani anipunguzie. Akasema bei zitapunguzwa Jumatatu. Nilidhani ananifukuza kistaarabu, kumbe ni sheria: Ubelgiji bei za msimu hushushwa mara mbili kwa mwaka, kuanzia tarehe 3 Januari na tarehe 1 Julai. Ndege yangu ilikuwa Jumapili jioni, tarehe 30 Juni. Virunga sheria ya kupunguza inaanza pale mteja anapofungua mdomo.

Basi nikakimbilia Matonge, mtaa uliochukua jina la Matonge ya Kinshasa. Nikaona sombe, fumbwa, makayabu. Moyo ukatulia, nimefika kwa ndugu. Nikasalimu kwa Kiswahili. Mama mwenye duka akajibu, "Ndeko, olingi nini?" Lingala yangu ni ya nyimbo tu, na hakuna wimbo unaouliza bei ya viatu. Nikarudi kwenye Kifaransa. Akanitazama kama mtu aliyeletewa noti iliyochanika. Kesho yake tulikuwa tunatimiza miaka 59 ya uhuru, na mimi nimesimama Ubelgiji, nashindwa kuongea na Mkongo mwenzangu ila kwa lugha ya Mbelgiji. Kwa aibu nikanunua kilo mbili za makayabu. Mtu wa Ziwa Kivu, mla sambaza, ninarudisha samaki nyumbani kwa ndege!

Jumapili asubuhi ndipo nilipoambiwa habari za soko la Gare du Midi. Hapo nilijiona niko kwetu: wauzaji wanapiga kelele, viatu vimerundikwa mezani, na kadiri saa ya kufunga inavyokaribia ndivyo bei inavyolainika. Nikaingiza mkono mfukoni. Kamba moja ilikuwa na mafundo matatu, moja ilikuwa na fundo moja, na moja haikuwa na kitu. Zile safari za kuingia na kutoka viatuni zilikuwa zimefungua mafundo.

Nikapiga hesabu. Fundo moja ni mke wangu. Isiyo na fundo, basi, ni mama mkwe. Ningeweza kukisia ni yupi mwenye mguu mrefu, lakini miguu ya mama mkwe sijawahi kuitazama, adabu hairuhusu. Nikanunua jozi tatu, nikapunguziwa mara mbili, nikaondoka nikitembea katikati ya barabara.

Viatu vya mtoto vilimkaa sawasawa, ila vilinuka makayabu. Vya mke wangu vilikuwa mitumbwi. Mama mkwe alijaribu vyake kimya, visigino vikabaki nje, akashukuru sana. Kila Jumapili anavibeba mkononi hadi mlango wa kanisa, hapo ndipo anapovivaa.

Niliposafiri tena, mke wangu hakunipa kamba. Alinipa kiatu chenyewe, cha kushoto, ndani ya mfuko. Cha kulia alibaki nacho kama dhamana.