Dakika ya Thelathini na Moja

Mama mkwe wangu ana kanda kumi na moja za kaseti. Anazitunza ndani ya mkoba wa ukili uliofungwa kwa kipande cha kanga, na mkoba wenyewe hukaa chini ya mto wake. Kumi ni taarabu, nyingi za Tanga kwao, za Black Star na Shakila Said. Ya kumi na moja haina jina. Ni harusi ya wifi yangu mkubwa, Ngamiani, mwaka 1987, iliyorekodiwa kwa redio kaseti iliyowekwa juu ya meza ya soda. Humo ndani, kati ya wimbo na wimbo, baba mkwe anasema maneno machache. Mzee alifariki kabla sijaolewa. Picha zake zipo tatu. Sauti yake ipo kwenye kanda hiyo tu.

Redio kaseti ya mama ilikatika mpira zamani, na fundi aliyekuwa akiijua ameshafunga banda lake. Kwa hiyo ilipokubalika kwamba tumfuate mama, aje Dar es Salaam kufanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho, kijana wetu wa kidato cha tatu alimpigia bibi yake simu na kumwahidi: "Bibi, kanda yako nitaiingiza kwenye simu. Utaisikiliza garini njia nzima." Mama alimjibu neno moja, "Inshallah," lakini siku mbili baadaye kanda ilifika kwa basi, imezungushiwa leso tatu.

Kijana aliazima deki ya kaseti kwa jirani, akaiunganisha na kompyuta kwa waya wa jeki. Kazi ile haina njia ya mkato. Kanda ya dakika 90 inataka dakika 90 ili ihame, na wewe ukae kimya karibu nayo. Jioni ile hakuna aliyewasha runinga. Tulikaa sebuleni tukisikiliza vigelegele vya watu ambao nusu yao wameshatangulia mbele ya haki, na mume wangu alipomsikia baba yake aliinuka, akaenda kusimama uani. Usiku kijana akaikata rekodi vipande kumi na vinne, kila wimbo na faili lake, akavipa majina Harusi 1, Harusi 2, hadi 14, akavipakia kwenye programu ya muziki ya simu ya baba yake.

Alhamisi usiku, siku mbili kabla ya safari ya kumfuata mama, gari likagoma kuwaka. Betri ilikuwa imekufa. Ijumaa asubuhi fundi alikuja na betri mpya, akachomoa ya zamani, akafunga, gari likanguruma. Ila redio ikawa imejifunga. Kioo chake kilijaa maandishi ya Kijapani, na hakuna kitufe kilichokubali.

Anayemiliki gari lililotumika Japani kabla ya kushushwa bandarini kwetu anaijua habari hii. Redio nyingi za magari hayo zimefungwa na kadi ya ramani: ukikata umeme wa betri, redio inadhani imeibwa, inadai kadi yake au namba ya siri. Kadi yetu haikuja na gari. Hata kabla ya hapo redio ile ilikuwa inatunyima mengi, maana FM ya Japani ilijengwa kuanzia megahezi 76 hadi 90, na stesheni zetu nyingi ziko juu ya hapo, ndiyo sababu watu hufunga ekspanda ya kuyashusha masafa yafike redio inapoweza kuyasikia. Kijana aliielekeza kamera ya simu kwenye kioo ili itafsiri, akatusomea: ingiza kadi ya ramani. Mume wangu alikaa kwenye usukani dakika nzima bila kusema, kisha akaniuliza, "Mama watoto, ile pesa ya rangi ya sebule ipo?"

Ilikuwepo. Kufikia saa tisa alasiri tulikuwa Gerezani na fundi amelala chali chini ya dashibodi, anafunga redio ya skrini inayotumia Android. Sijutii pesa ile. Ukuta unaweza kungoja. Mama alikuwa na miaka themanini na moja.

Jumamosi tulikwenda, tukalala. Jumapili baada ya chai tukaondoka Tanga, mama kiti cha mbele, mkoba wa ukili mapajani. Tulipopita Muheza, machungwa yamepangwa mafungu barabarani, mume wangu akamwambia, "Mama, sasa sikiliza." Simu ikaungana na redio kwa Bluetooth, na ngoma na vinanda vya mwaka 1987 vikatoka milango yote minne. Mama alishika kifua. Wimbo wa kwanza ulipoisha, ukaingia mwingine. Akageuka.

"Huu ni wa upande wa pili. Bibi harusi hajatoka bado."

Kijana akaitazama simu. Mdogo wake alikuwa ameacha kitufe cha kuchanganya kimewashwa. Akakizima, akaanza upya. Ukaja wimbo wa kwanza, kisha ule ule wa upande wa pili. Hapo ndipo tulipojifunza kwamba programu hupanga majina kama kamusi inavyopanga maneno, herufi kwa herufi: baada ya Harusi 1 inakuja Harusi 10, halafu 11, 12, 13, 14, ndipo irudi Harusi 2. Angeandika 01 na 02, kila kitu kingekaa mahali pake. Akawa anazichagua kwa mkono, moja baada ya nyingine, na simu ya kazini ikaingia katikati, sauti ya bosi wa mume wangu ikajaa gari zima akiuliza mambo ya stoo. Mama alimwitikia salamu kwa adabu, maana alidhani anasemeshwa yeye.

Nataka nilisimamie hili, kwa sababu nimelifikiria sana tangu siku ile. Redio ya zamani ilikuwa na kitufe cha kuzungusha, na mkono wa yeyote aliyekaa mbele ulikifikia. Ya sasa inamjua mtu mmoja, mwenye simu. Simu zake, ujumbe wake na wimbo wake wa mwisho vinaingia garini pamoja naye, na wengine wote ni abiria. Gari la familia linahitaji kitu ambacho bibi na mjukuu wote wanaweza kukigusa.

Tulipofika Segera mama alikuwa ameacha kuitikia nyimbo. Vidole vyake vilihesabu. Wimbo wa nne ukaisha, wa tano ukaanza, akasema polepole, "Hapana. Hapa baba yenu anasema."

Mume wangu alipunguza mwendo. "Atasema mbele, mama."

"Anasema hapa. Baada ya huu, kabla ya ule. Miaka yote hii mimi ndiye niliyeisikiliza."

Hakuna aliyebishana. Tulisimama Mkata, chini ya mwembe, tukanunua mahindi ya kuchoma, na kijana akakaa kwenye buti na kompyuta mapajani. Vipande kwenye kompyuta vilikuwa kumi na vinne. Kwenye orodha ya simu vilikuwa kumi na vitatu. Harusi 5 haikuwemo. Na kwa sababu namba zilikuwa zimevurugika tangu mwanzo, hakuna aliyeona pengo. Alipekua mipangilio mpaka akaipata sababu: programu ilikuwa imewekwa ifiche faili lolote lisilofika nusu dakika, ili jumbe za sauti na milio ya simu zisichanganyike na muziki. Maneno ya babu yake yalikuwa ya sekunde ishirini na mbili.

Mtoto alilia. Alisema, "Mimi ndiye niliyeyakata." Nilimwambia kweli, kwamba bila yeye yangekuwa bado ndani ya mkoba, na akina sisi tusingeyajua kabisa.

Aliizima ile kanuni, kipande kikatokea, lakini mama alipokisikia peke yake kupitia simu alitikisa kichwa. Kilianza ghafla na kuisha ghafla. Vigelegele vilivyompokea mzee vilibaki kwenye faili la kabla, kicheko kilichomfuata kikabaki kwenye la baada, na kati ya faili na faili kulikuwa na ukimya mdogo, kwa sababu MP3 huongeza utupu kidogo mwanzoni na mwishoni mwa kila faili. Sidhani kama mama alikuwa anadai makubwa. Kila chombo kimekuja na mkasi wake. Siti binti Saad alipokwenda Bombay kurekodi mwaka 1928, santuri za wakati ule zilibeba kama dakika tatu kila upande, na wimbo wa taarabu ukabidi uingie humo. Kaseti ndiyo iliyoiachia harusi iende kama harusi, na kile mama alichokipenda kilikuwa mwendo huo mzima.

Bahati nzuri rekodi nzima, kabla ya kukatwa, bado ilikuwa kwenye kompyuta: upande A, dakika 45, faili moja. Flashi mpya ya gigabaiti 64 redio iliikataa, maana ilikuwa imepangwa kwa mfumo wa exFAT. Flashi ya zamani ya gigabaiti 8, ile ya kazi za shule, ilikuwa ya FAT32, na redio ikaipokea mara moja. Hapakuwa tena na simu katikati.

Tuliondoka Mkata tukiwa kimya. Kabla hatujafika daraja la Wami, dakika ya thelathini na moja, vigelegele vikapanda, na sauti ya mwanamume, nzito, yenye haraka ya mwenye shughuli, ikasema: "Jamani, sogezeni mtungi huo. Bibi harusi anapita, asije akajikwaa. Mama yao yuko wapi? Mwiteni mama yao aje aone." Kisha kicheko, kisha vinanda.

"Nilikuwa jikoni," mama akasema. "Nilifika ameshapita."

Akaomba, "Rudisha kidogo." Kijana akabonyeza mshale wa nyuma, na redio ikarudi mwanzo kabisa wa faili, kwenye sifuri. Kwenye kaseti ungebana kitufe, usikie kanda inavyolia, ujue pa kuachia. Mama akasema basi, tuiweke, tutaisikia tukikaribia nyumbani. Msata tukakata kuelekea Bagamoyo, naye akalala, mkono juu ya mkoba.

Aliamka Mwenge, taa za barabarani zimewaka. "Sasa," akasema. Kijana akaanza mwanzo. Foleni ya Ubungo ilikwenda hatua kwa hatua, na mara ya kwanza katika maisha yangu ya Dar es Salaam sikutamani ifunguke. Tukaingia Mandela, tukaingia Tabata, tukakata kona yetu. Jirani akatufungulia geti. Skrini ilionyesha dakika ya ishirini na saba.

Mume wangu alizima injini na kuuacha ufunguo pale redio inapobaki na umeme. Jirani alikuja na tochi, tayari kupokea mizigo, akafungua mlango wa upande wa mama na kumwamkia shikamoo. Mama akamwitikia marahaba kwa sauti ya chini, akamshika mkono, akamvuta asogee karibu na spika.

"Ngoja mwanangu," akamwambia. "Ananiita sasa hivi."