Ilhamu Imepitia Forodhani

Aibu ya mwandishi chipukizi ina mahali pake maalumu: safu ya tatu kutoka nyuma, kwenye kongamano la fasihi, pale kipaza sauti kinapomfikia. Saa nzima amekuwa akilipanga swali lake kichwani. Anasimama, anashukuru kwa kupewa nafasi, anaisalimu meza kuu kwa vyeo vyao vyote, kisha anauliza: ilhamu ya kuandika riwaya inapatikana wapi? Kipaza sauti kinakata katikati ya neno. Inabidi arudie kwa kupaza, na "ilhamu" ikipigiwa kelele ukumbini haibaki na heshima yoyote. Inasikika kama jina la mtoto aliyepotea sokoni. Watu wanacheka. Mwandishi mkongwe, ambaye vitabu vyake ukumbi mzima umevifanyia mtihani, anakohoa kidogo na kujibu: soma sana, andika sana, usikate tamaa. Makofi. Kijana anakaa, uso unamwaka, mkononi ana jibu ambalo lingemfaa vilevile mtu anayetaka kuwa mwanasheria.

Waliocheka walikosea shabaha. Swali lilikuwa la maana. Kichekesho kilikuwa kwenye jibu. "Soma sana" ni kweli tupu, ila haisemi kusoma kwa namna gani, na msomaji hodari anaweza kumaliza riwaya mia bila kujua hata moja imeshonwa vipi, kwa sababu riwaya nzuri kazi yake mojawapo ni kuficha mishono. Ninachodai ni hiki: ilhamu haishuki usiku kwa mteule aliyelala. Mara nyingi iko ndani ya hadithi ya mtu mwingine, na huipata yule anayeifumua. Wakongwe wetu wanalijua hilo, maana ndivyo walivyofanya wao, tena mchana kweupe. Wanachoona haya ni kulisema kwenye kipaza sauti.

Tumchukue mkubwa wao. Mwaka 1952 Shaaban Robert alitoa Adili na Nduguze. Mfalme Rai anashangaa kodi ya jimbo la Janibu imechelewa, anamtuma Ikibali akaifuatilie, na Ikibali anakuta jambo la kutisha: Adili, mtawala mwema anayesifiwa na kila mtu, anawachapa manyani wawili usiku, kisha anawalisha. Manyani hao ni ndugu zake, Hasidi na Mwivu. Sasa fungua Alfu Lela u Lela. Khalifa Harun al-Rashid anashangaa kodi ya Basra imechelewa, anamtuma mtu wake, na mjumbe anamkuta gavana Abdallah bin Fadhil akiwachapa mbwa wawili usiku, kisha anawalisha. Mbwa hao ni ndugu zake. Msomaji mwenye haraka atapiga kelele za mwizi. Asiye na haraka ataanza kuhesabu kilichobadilika, na hapo ndipo shule ilipo. Mbwa wamekuwa manyani. Kwa nini? Nadhani ni kwa sababu nyani ana mikono na uso unaotusuta; ukimchapa nyani unaona mtu anachapwa, na ukimketisha kwenye chakula anakaa karibu kama mgeni. Tena kwa msomaji wa pwani mbwa angeleta mjadala wa unajisi, na huruma yote ingeishia kwenye swali la kutawadha. Majina nayo yamegeuka. Kule Basra ndugu hao ni Mansur na Nasir, majina ya jirani yeyote. Huku ni Hasidi na Mwivu, na msomaji ameshapewa hukumu kabla ya kupewa kosa. Kwa maamuzi hayo machache hadithi ya maajabu imekuwa hadithi ya tabia. Ikumbukwe kwamba Shaaban Robert alifanya kazi forodhani miaka mingi. Mtu wa forodha anajua mzigo wa kigeni hauzuiliwi kuingia, unalipiwa ushuru tu. Ushuru wake yeye ulikuwa manyani wawili, na ulilipwa kikamilifu.

Muhammed Said Abdulla wa Unguja, aliyekuwa bwana afya kabla ya kuwa mhariri wa gazeti, aliagiza mzigo mkubwa zaidi. Mzimu wa Watu wa Kale, iliyoshinda mashindano ya uandishi wa hadithi ya mwaka 1957-58 na kuchapishwa mwaka 1960, ilimleta Bwana Msa, mpelelezi mwenye kiko mdomoni, na kila aliyewahi kumsikia Sherlock Holmes anajua kiko hicho kimetoka wapi. Lakini kiko ni pambo. Mzigo wenyewe ulikuwa rafiki wa mpelelezi, Najum, ambaye kwa Holmes ni Watson, na kifaa hiki kinastahili kutazamwa polepole kwa sababu ni cha ajabu kweli. Mpelelezi anajua mengi mno. Akiwaza mbele yetu, siri imekwisha ukurasa wa pili. Akificha mawazo yake bila sababu, tunajiona tumepunjwa. Kwa hiyo anawekwa pembeni yake mtu mwenye akili ya kawaida, anayeona kila kitu mpelelezi anachoona na kukielewa vibaya. Ushahidi wote unatufikia, haki imetendeka, ila umetufikia umefungwa ndani ya tafsiri yake, na sisi tunaibeba tafsiri hiyo kwa furaha mpaka mwisho. Haya hayawezi kuandikwa na anayengoja kuona hadithi itampeleka wapi. Lazima ajue nani alifanya, lini na kwa nini, ndipo arudi nyuma kuyafukia. Arthur Conan Doyle mwenyewe, aliyemtoa Holmes mwaka 1887 alipokuwa daktari mwenye wagonjwa wachache na muda mwingi, alikuwa amechukua kwa Edgar Allan Poe, aliyemtoa mpelelezi Dupin mwaka 1841, na kwa mwalimu wake wa udaktari, Joseph Bell wa Edinburgh. Mnyororo mrefu, na hakuna kiungo kilicholala kikisubiri kuoteshwa. Aristablus Elvis Musiba naye alimchukua jasusi wa Kizungu, akamwita Willy Gamba, akampa vita vya ukombozi wa kusini mwa Afrika.

Watasema ninafundisha kuiga, na kuiga huzaa nakala. Huzaa, kama unachochukua ni pambo. Anayechukua kiko anapata mtu anayevuta tumbaku. Anayechukua Najum anapata riwaya. Pingamizi la pili lina nguvu zaidi: je, Kezilahabi? Nani alifumuliwa ili tupate riwaya yake Kichwamaji ya mwaka 1974? Wahakiki wameshajibu, maana hawajachoka kuonyesha ndani yake alama za udhanaishi wa Ulaya, na bado hakuna anayeisoma akadhani yuko Ulaya. Yuko Ukerewe, na anaumwa kichwa. Kuna na wale wanaosema ilhamu hutoka kwenye maisha: kapande daladala, kawasikilize watu. Ni sawa, wapande. Tangu daladala zianze abiria wamesikia maneno ya kutosha kujaza maktaba, wakashuka wote vituoni mwao bila riwaya.

Ninapokosa ucheshi ni hapa. Ili ufumue kitabu lazima uwe nacho, na "soma sana" husemwa katika nchi ambazo wachapishaji huishi kwa vitabu vya shule, kwa hiyo riwaya isiyopangwa kwenye mtaala huchapwa mara moja na kusahaulika. Mkongwe anamwambia kijana asome huku vitabu vyake mwenyewe visivyotahiniwa havipo dukani, na hakuna kwenye meza kuu anayeona kasoro. Tuzo zipo, ile iliyoanza mwaka 2014 kwa jina la Mabati-Cornell na ya Mwalimu Nyerere baadaye, na ni njema, ila humpa fedha aliyekwisha kumaliza. Aliyekwama ukurasa wa 40 hazimwoni. Kijana huyo anachohitaji ni nakala safi ya kitabu cha zamani, penseli, na mtu mzima wa kumwambia aanzie wapi kufumua. Anachopata ni fotokopi ya fotokopi, pembe zimekatwa, kurasa mbili hazipo na moja imeingizwa kichwa chini. Kwa Bwana Msa huo ni msiba, maana ukurasa uliopotea ndio wenye ushahidi. Kwa Nagona, riwaya ya Kezilahabi isiyofuata mstari mmoja, walau kuna afueni: kurasa zikikosekana, msomaji anaweza kumaliza kitabu chote akidhani ndivyo mwandishi alivyokusudia.