Debe la Mama Mkwe na Kifaru cha Lincoln

Nyumba ya mkulima hapa Kasekese inaweza kumaliza msimu bila redio, bila kabati, hata bila mlango wa jikoni. Bila debe haimalizi. Debe ndilo linalopima mahindi ya kuuza, mpunga wa kukopeshana na karanga za mbegu. La kwetu lilikuwa la bati zito la zamani, lenye mpini wa mti kwa juu, na mama mkwe alilikuta ukweni alipoolewa. Mume wangu amelikata kwa mkasi wa bati, akatengenezea minyororo ya kifaru cha vita.

Mchana Baba Watoto ni fundi seremala, anachonga milango na vitanda vya mninga. Usiku taa ya sola ikiwashwa anatengeneza vifaru vidogo kwa kipimo cha 1:35, yaani mita moja ya kifaru chenyewe inakuwa karibu sentimita tatu nyumbani kwetu. Vile vinavyojulikana havimshughulishi. Hata vifaru vya Vita vya Kagera, ambavyo wazee hawaishi kuvisimulia, havimo katika hesabu zake. Anavyovitaka ni vilivyoundwa, vikajaribiwa, vikaachwa kabla ya kufika vitani. Anasema kifaru kilichoshinda kina wengi wa kukisifu, ila kilichoachwa kinataka mtu wa kukitazama taratibu, aone aliyekibuni aliwaza nini na ardhi ikamjibu nini. Nilimkubalia maneno hayo mapema kuliko mtu yeyote nyumbani, na bado namkubalia.

Mali yangu ilianza kuguswa na kifaru cha Warusi. Mhandisi Nikolai Lebedenko alikiundia magurudumu mawili ya mbele yenye kimo cha mita 9 hivi, na gurudumu dogo nyuma. Magurudumu yale yana spoku nyingi, na waya mnyoofu kuliko wote katika nyumba ulikuwa kwenye baiskeli yangu ya kwendea shamba. Nilirudi na mzigo wa kuni rimu ikiyumba njia nzima, nikamlaumu fundi baiskeli bure.

Mtoto wetu wa mwisho ndiye aliyekitoa nje baada ya mvua, akakivuta kwa kamba hadi penye mfinyanzi karibu na kisima. Magurudumu makubwa yalipita. Lile dogo la nyuma likazama, kamba ikakatika. Baba yake alikuja mbio, mtoto akaanza kulia kabla hajaguswa, lakini mwenzangu alichuchumaa palepale matopeni akapiga makofi. Ndivyo kilivyokwama chenyewe Agosti 1915 si mbali na Moscow. Gurudumu la nyuma lilizama kwenye ardhi laini, injini zikashindwa kulitoa, na mtambo mzima ukabaki pale mpaka 1923 ulipokatwa kuwa chuma chakavu. Tope la Kasekese lilitoa hukumu ileile. Nguo za wawili hao nilizifua mimi.

Kikafuata Maus cha Wajerumani, kazi ya Ferdinand Porsche, chenye tani 188. Huo ni uzito wa zaidi ya malori matatu ya trela yaliyosheheni, yote juu ya jozi moja ya minyororo. Viliundwa viwili tu, na mnara wa mzinga ukakamilika kwa kimoja. Madaraja mengi yasingekibeba, hivyo ikapangwa kwamba kikifika mtoni kizame na kupita chini ya maji, kikivuta umeme kwa kebo kutoka kwa mwenzake aliyebaki ukingoni, kwa kuwa mota zake zilikuwa za umeme. Cha kwetu hakizidi sentimita 30, lakini patasi, misasa, makopo ya rangi na vumbi la mninga vilienea meza nzima, nasi tukahamia mkekani. Wageni nao walikula mkekani. Aliyeuliza sababu alielezwa habari ya kebo na mto, na wapo waliokaa wakiuliza maswali hadi chai ikaisha.

Kisha kikaja kile cha Lincoln. Mwaka 1915, katika mji huo wa Uingereza, kampuni ya William Foster iliunda kifaru cha majaribio ambacho baadaye kiliitwa Little Willie, kazi ya William Tritton na Walter Wilson. Hakikupigana hata siku moja, na kiko hadi leo katika makumbusho ya vifaru ya Bovington. Taabu yake ilikuwa minyororo. Ya kwanza ilinunuliwa kwa kampuni ya Bullock ya Chicago, iliyozoea matrekta ya kilimo. Kifaru kilipovuka handaki ililegea ikatoka. Wakajaribu mikanda ya balata, jamii ya mpira, nayo ikashindwa. Mwisho wakaunda minyororo mipya ya vibamba vya chuma vilivyopigwa ribiti, na hiyo ikakaa.

Baba Watoto alipita njia hiyohiyo chumbani kwetu. Mnyororo wa kwanza ulitokana na zipu ya begi la shule, ukatoka. Wa pili ulikuwa wa tyubu ya baiskeli, ukavutika hadi ukaning'inia. Akaamua bati, tena bati zito, lisilokunjika ovyo. Kila kibamba kilikuwa na upana wa sentimita moja na nusu, kimetobolewa matundu mawili kwa msumari ulionolewa. Tunduni alipitisha waya wa shaba wa mota mbovu ya feni, akaukata ukabaki kipande cha kushikwa kwa ncha za kucha, akaugonga taratibu kwa nyundo ndogo mpaka ukaota kichwa cha ribiti. Asubuhi nilikuta Little Willie mezani mbele ya rundo la madaftari. Nilikisukuma kwa kidole, kikapanda, kikashuka, na mnyororo haukutoka. Nilifurahi kwa dhati. Halafu nikaona mpini wa mti sakafuni.

Saa nne mnunuzi wa mahindi akafika. Nikakimbia kwa jirani, debe lake lilikuwa kazini. Kwa shemeji, lake limeazimwa tangu jana. Kila mtu alikuwa anauza. Mnunuzi akasema msihangaike, akashusha ndoo yake ya plastiki iliyotanuliwa kwa moto hadi ikavimba kiunoni. Magunia yakajazwa lumbesa, yakashonewa kilemba juu. Sheria ya vipimo haiitambui lumbesa, naye alijua, lakini ada ya shule ilikuwa inadaiwa. Mama mkwe alisimama kizingitini akitazama mahindi yetu yakipakiwa, akauliza mara moja tu debe liko wapi.

Jioni tuliitwa.

“Mwanangu,” alisema, “umepimiwa mahindi kwa ndoo ya mtu kwa sababu ya gari la Wazungu lisilokwenda?”

“Mama, linakwenda,” akajibu, akaliweka mkekani na kulipandisha juu ya mguu wa kigoda.

Alilitazama lilivyopanda. Alipitisha kidole kwenye ribiti, moja baada ya nyingine, na akalitambua bati lake. Ndipo akasema jambo ambalo mimi sikuwahi kulisikia tangu niolewe. Baba yake alikwenda kufyeka pori Urambo wakati wa karanga, na alikuwa akisimulia kwamba Wazungu wamegeuza vifaru kuwa matrekta. Watoto walidhani anatania.

Hakuwa anatania. Mpango wa karanga ulianza Kongwa mwaka 1947, ukafika Urambo na Nachingwea, na ulitaka kulima zaidi ya ekari milioni tatu. Matrekta yalikuwa adimu baada ya vita, kwa hiyo kampuni ya Vickers ilichukua vifaru vya Sherman, ikaondoa minara na mizinga, ikavigeuza matrekta ya minyororo, yakaitwa Shervick. Mengi yaliharibika upesi. Kongwa, mvua zikikata, mfinyanzi ulikuwa mgumu hata karanga zikakataa kung'oka. Januari 1951 serikali ya Uingereza iliuacha mpango huo, pauni kama milioni 36 zikiwa zimeteketea. Mama mkwe anasema mtu yeyote aliyewahi kushika jembe angewaambia karanga inataka udongo wa kichanga.

Hukumu yake ilikuwa hivi: pesa ya mlango unaofuata inunue debe, na debe hilo lilale chumbani kwake. Bati la minyororo litoke kwenye mabati mabovu ya banda la kuku. Na kifaru kinachofuata kiwe Shervick, kwa kuwa hicho ni cha kwetu.

Sasa kazi inakwenda. Bibi na mwanawe wanabishana kila jioni juu ya picha za kwenye simu, yeye akitaka jembe la nyuma liguse udongo kwelikweli, mwenzangu akisema plau haionekani pichani. Nimewaambia waliweke. Mvua za kwanza zikinyesha tutalijaribu kwenye matuta ya karanga nyuma ya jiko, upande wa kichanga kwanza, halafu kwenye mfinyanzi wa kisimani, na mtoto wa mwisho ameshaahidiwa kamba.