Babu Yuko Nyuma ya Pilau

Shangazi alipiga simu kutoka Tanga Jumamosi asubuhi. Nilipomaliza shikamoo tu akaingia kwenye shida yake: anataka ile picha ya marehemu babu, ile ya Idd, amekaa barazani na kanzu ya darizi. Hitima ni Alhamisi. Nikamwambia, "Dakika tano tu, shangazi."

Kompyuta yangu ya nyumbani ina picha 41,326. Zimo katika folda zinazoitwa Picha, Picha Mpya, Picha Mpya Kabisa, Kopi ya Picha Mpya Kabisa, na moja niliyoiandika kwa herufi kubwa: USIFUTE. Hiyo ya mwisho ina picha mbili, risiti ya jokofu na kidole changu.

Nikatafuta kwa tarehe. Idd ile ilikuwa ya 2012, lakini kompyuta ikashikilia kwamba mwaka huo sikupiga picha hata moja. Zote zilikuwa 1 Januari 1980. Kamera yangu ya zamani ilikuwa ikiishiwa betri inasahau tarehe, na kadi yake ilipanga mafaili kwa mfumo wa enzi za DOS, ambao kalenda yake huanzia siku hiyo. Kabla ya hapo hakuna dunia. Kwa hesabu hizo, mke wangu nilimwoa miaka minne kabla hajazaliwa, tukapata watoto watatu na kuhamia Tabata, yote kwa siku moja. Siku hiyo tulichoka.

Nikageukia programu inayotambua sura. Ikaniuliza kwa adabu: huyu anayeonekana katika picha 212 ni nani? Nilikuwa na uhakika ni mama. Kumbe ni Mwalimu Nyerere, yule wa kwenye fremu ukutani sebuleni, hajakosa shughuli yetu hata moja. Babu alipatikana mara moja tu, akichungulia nyuma ya sinia. Nikamtumia shangazi. Akajibu, "Hii ni picha ya pilau."

Hapo ndipo nilipoamua kupanga. Mke wangu akasema, "Baba Zuhura, tafuta picha, usipange." Ningemsikiliza, hadithi ingeishia hapa.

Nikaanza kukusanya folda zote ziwe moja. Sasa, kamera hizi huzipa picha namba za tarakimu nne; zikifika 9999 zinarudi 0001. Mimi hilo sikulijua. Kikatokea kidirisha: kuna faili lenye jina hilihili, niweke jipya mahali pake? Chini yake kijisanduku: fanya hivyo kwa yote. Mkono mmoja ulikuwa na mhogo wa kukaanga, mwingine kwenye kipanya. Nikakubali kwa yote.

Jioni ndipo nikakumbuka namba ya picha ya babu barazani, DSC_0417, nikaifungua. Nikakuta kigae cha bafuni. Rangi ya maziwa, kidole gumba cha fundi kikikishikilia, bei imeandikwa pembeni kwa chaki. Nikafungua 0418: kigae kilekile, kimegeuzwa. Mwaka 2016 nilipokuwa najenga nilizunguka Kariakoo nikipiga picha kila kigae, na sasa vilikuwa vimekaa kwenye nafasi za Idd nzima, wajomba na wajukuu.

Nikakimbilia pipa la taka. Tupu. Kilichofutwa huenda huko, unaweza kukiokota. Kilichofunikwa na kingine hakipitii huko. Ilibaki diski ya nje yenye nakala. Nikampigia shemeji, niliyemwazima. Alikuwa ameisafisha vizuri ili apate nafasi ya tamthilia za Kituruki.

Hitima ilisomwa Alhamisi, na picha iliyowekwa mezani ni ile ya pilau. Wazee waliitazama kwa muda mrefu, wakasema ndiye yeye hasa.

Ndugu yeyote aliyekuwepo Tanga Idd ile akiwa na kamera, namwomba nakala. Za vigae msinitumie, ninazo.