Kampuni Iliyojipunguza Jina

Harakati za kuukubali mwili, yaani msimamo kwamba heshima ya mtu haipimwi kwa kilo, zilianza kujipanga nchini Marekani mwaka 1969, ilipoundwa jumuiya ya kutetea haki za wanene, na kwa karibu nusu karne biashara ya kupunguza unene ilizitazama kama mwenye duka la dawa anayesikia kwamba mtaa mzima umepona. Mfanyabiashara, hata hivyo, hakosi hila. Mwezi Septemba 2018 kampuni ya Weight Watchers, iliyozaliwa mwaka 1963 kutokana na vikao vya Jean Nidetch, mama wa nyumbani wa Queens, New York, ilianza kwa kujikondesha yenyewe ikabaki herufi mbili tu, WW, na kutangaza kwamba kinachouzwa sasa ni siha, maana yake afya ya mwili na utulivu wa nafsi kwa pamoja. Mwanachama aliyezoea kuvua viatu na mkanda kabla ya kupanda mizani aliambiwa kwamba anapendeza kama alivyo, kisha akakumbushwa kulipa ada ya mwezi ili asibaki alivyo.

Mtu anaweza, bila shaka, kuupenda mwili wake na bado akatembea jioni na kupunguza sukari kwenye chai. Ila jambo hilo, kwa bahati mbaya ya wenye hisa, halina ada. Mwezi Mei 2025 kampuni ilikimbilia mahakamani kuomba ipunguziwe deni la zaidi ya dola bilioni 1, na ikapunguziwa pasipo kufunga hata mlo mmoja.