Kamera Namba Tatu

Mfumo wa kamera za ulinzi wa nyumbani unaotumia mtandao hauna mambo mengi: kamera zenyewe, waya, rekoda yenye diski ndani, na skrini iliyogawanywa visanduku vinne. Visanduku vitatu huonyesha picha. Kimoja huwa cheusi, na kwa kawaida ni cha getini, yaani kile kilichofanya mfumo mzima ununuliwe.

Kisanduku kikiwa cheusi, wa kwanza kulaumiwa ni kamera. Mwenye nyumba husema ni feki, fundi husema mzigo wa siku hizi haueleweki, na jirani aliyefuata ngazi yake hukumbusha kwamba yeye alishauri aajiriwe mlinzi. Mara nyingi kamera haina kosa. Njia ya haraka ya kuisafishia jina ni kuishusha na kuichomeka kwenye rekoda kwa waya wa mita moja. Ikitoa picha, tatizo liko kwenye waya uliopita darini, na hapo kila mtu huanza kuangalia pembeni, maana darini kuna joto na popo.

Waya huo una nyuzi nane zilizosokotwa mbili mbili. Hurudisha picha na kupeleka umeme kwa wakati mmoja. Kiwango kilichowekwa mwaka 2003 kinaruhusu tundu la rekoda kutoa hadi wati 15.4, na kamera iliyo mwisho wa mita 100 ihesabiwe wati 12.95, zinazobaki hugeuka joto njiani. Hesabu hiyo ilipigwa kwa shaba. Waya wa bei ya chini una alumini iliyopakwa shaba kwa juu, na alumini hupitisha umeme kwa shida zaidi. Mchana kamera hutumia umeme kidogo na haina neno. Giza likiingia, taa zake za infraredi huwaka, mahitaji hupanda, volti hushuka, kamera huzimika. Ikizimika mzigo hupungua, kwa hiyo huwaka tena, taa nazo huwaka, inazimika tena. Mchezo huu huendelea hadi alfajiri. Fundi anayefika saa nne asubuhi huikuta nzima kabisa, hupokea nauli na kuaga.

Makosa mengine hukaa kwenye kichwa cha waya. Mpangilio unaotumika sana huanza na nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, bluu, kisha nyeupe-bluu, kijani, nyeupe-kahawia na kahawia. Nyuzi hunyooshwa kwa kidole gumba, hukatwa zilingane, husukumwa ndani ya plastiki mpaka ncha zote nane zigonge ukuta wa mbele, halafu hubanwa kwa koleo. Mezani kazi hii ni ya dakika mbili. Juu ya ngazi, saa saba mchana, jasho likiingia machoni na tochi ya simu ikishikwa na mtoto anayeigeuza kila ujumbe unapoingia, nyeupe-kijani na nyeupe-bluu ni rangi moja. Uzi mmoja wa data usipofika mwisho, kamera inaweza kupata umeme bila kupata mtandao. Taa zinawaka, picha hakuna, na mwenye nyumba hakubali kwamba kuna hitilafu: mbona inawaka? Kipima waya chenye taa nane humaliza ubishi huo papo hapo, na labda ndiyo sababu huwa kimesahauliwa nyumbani kwa fundi.

Waya ukithibitika kuwa mzima, zamu ni ya anwani. Kila kifaa mtandaoni kinahitaji namba yake, lakini kamera za kampuni moja huweza kutoka kiwandani zote zikiwa na namba ileile, tuseme 192.168.1.108. Zikichomekwa nne kwa mpigo kwenye swichi ya mtandao, rekoda huita jina moja na kuitikiwa na wanne. Picha huja na kukatika, ya jikoni hutokea mahali pa geti, na mtu hukaa dakika kadhaa akishangaa nani ameegesha jokofu nje. Dawa ni kuwasha kamera moja, kuibadilishia namba, ndipo iwashwe ya pili. Rekoda yenye matundu ya kamera mgongoni mwake humwondolea mtu kazi hiyo, kwani hugawa anwani yenyewe ndani ya mtandao wake mdogo. Ila kamera hizo hazitaonekana kwenye orodha ya rauta ya nyumbani, hata zitafutwe usiku kucha. Anayechanganya kampuni hutegemea ONVIF, utaratibu wa mawasiliano ulioasisiwa mwaka 2008 na Axis, Bosch na Sony. Kwenye baadhi ya kamera huwa umezimwa mpaka mtu auwashe na kuupa nywila yake. Dukani hilo halisemwi.

Nywila nayo ina historia yake. Zamani kifaa kilikuja na jina admin na nywila 12345, kikabaki hivyo hadi kufa. Mwaka 2016 programu haribifu iitwayo Mirai ilizunguka mtandaoni ikijaribu orodha fupi ya nywila za kiwandani, ikateka kamera, rekoda na rauta kwa wingi. Tarehe 21 Oktoba mwaka huo vifaa vilivyotekwa vilitumika kuielemea kampuni ya Dyn ya Marekani, hata Twitter na Netflix zikawa hazifunguki kwa watu wengi. Kamera zilizofungwa kuzuia wezi zilikuwa zimetoroka usiku kwenda kuvamia ng'ambo. Tangu hapo rekoda nyingi hukataa kuanza kazi bila nywila ndefu yenye herufi kubwa, namba na alama. Mwenye nyumba huitunga kwa uchungu na kuisahau kabla fundi hajashuka ngazi. Fundi, anayejua dunia ilivyo, huiandika kwa maka peni juu ya bati la rekoda, ili atakayeiiba aipate na nywila yake.

Usiku wa kwanza huleta buibui. Mdudu huyu hupenda kutanda mbele ya lenzi, na uzi wake ukipigwa na infraredi kwa karibu hung'aa kuliko chochote kilicho nyuma yake. Simu hulia saa tisa usiku: mwendo umeonekana getini. Nyumba nzima huamka. Baba hushika panga, mama huuliza funguo ziko wapi, na skrini inaonyesha mguu mmoja mweupe, mnene kuliko nguzo ya umeme, ukivuka angani taratibu. Unasimama. Unarudi. Kamera inayoweza kutofautisha mtu na vitu vingine hupunguza mikesha ya aina hiyo; isiyoweza huhitaji ufagio kila wiki. Picha ikiwa nyeupe tupu usiku ilhali mchana ni safi, mara nyingi kamera imefungwa karibu mno na ukuta au ukingo wa paa, na mwanga unagonga hapo na kuirudia. Sababu nyingine ni nailoni ya kiwandani iliyoachwa kwenye kioo, kama ya rimoti ya televisheni, ili kitu kisichakae.

Hata hivyo hakuna kinachogombanisha watu kuliko saa ya rekoda. Kifaa kikibaki na saa za China, huwa mbele ya Afrika Mashariki kwa saa tano. Binti aliyerudi saa tatu usiku, tena kwa ruhusa, huonekana akifungua geti saa nane usiku, na picha haidanganyi. Kikao hufanyika sebuleni, mjomba hupigiwa simu, na inachukua muda kabla mtu hajauliza kwa nini saa nane usiku muuza chipsi wa ng'ambo ya barabara alikuwa bado na foleni. Saa zikiwa sahihi, bado rekoda huanza kuhesabu usiku wa manane ilhali watu wa nyumbani huanza alfajiri. Aliyeambiwa atafute tukio la saa mbili usiku hufungua 02:00, hukuta paka, na kutangaza kwamba hakukuwa na kitu. Tukio lilikuwa 20:00. Tena betri ndogo ya ndani ikifa, kila umeme unapokatika rekoda inaweza kurudi 1 Januari 2000. Ukanda uwekwe UTC+3, mpangilio wa saa za majira ya joto uzimwe kwa kuwa huku saa hazibadilishwi, na rekoda iruhusiwe kuchukua saa kutoka mtandaoni.

Diski ni suala la hesabu tu. Kamera inayotuma megabiti 4 kwa sekunde hujaza takriban gigabaiti 43 kwa siku. Nne hujaza 173, na terabaiti moja huisha kabla ya siku sita, kisha rekodi mpya hufuta za zamani. Kupotea kwa mtungi wa gesi hugunduliwa siku ya saba. Ubanaji wa H.265 hupunguza ukubwa kwa karibu nusu ukilinganishwa na H.264, na kurekodi mwendo pekee husaidia zaidi, buibui akiruhusu. UPS, ile betri inayoshika umeme ukikatika, ihudumie rekoda na rauta pia, kwa sababu rekoda iliyo hai pembeni ya rauta iliyokufa haina wa kumpa taarifa.

Kutazama kwa simu ndiyo sehemu inayopendwa. Kamera inayotajwa kuwa ya kwanza kutazamwa kwa mbali kupitia mtandao ililinda birika la kahawa katika Chuo Kikuu cha Cambridge, mwaka 1991, ili watafiti wasipande ngazi na kukuta halina kitu. Wenye nyumba wa leo nao hufungua simu kuona kama gari la maji limefika. Picha kamili ya megabiti 4 hula gigabaiti 1.8 kwa saa. Aliyesafiri Mwanza akiangalia geti la Mbagala humaliza bando kabla ya chakula cha mchana, ilhali mkondo mdogo, ambao rekoda huwa nao tayari, ungemtosha.

Kazi ya mwisho ni kutoa kipande cha video cha kupeleka kituo cha polisi. Flashi yenye mfumo wa FAT32 haipokei faili la gigabaiti 4 au zaidi, na baadhi ya rekoda huhifadhi kwa umbo lao wenyewe lisilofunguka kwenye simu wala kompyuta ya kawaida. Kwa hiyo skrini hurekodiwa kwa simu, na video inayofika kwenye grupu la mtaa huonyesha mwizi kwa mbali na, kwa karibu zaidi, mrekodi akiwa na singlendi kwenye mng'ao wa kioo. Menyu ya kunakili mara nyingi huwa na nafasi ya kuchagua MP4, na pale isipokuwapo, ya kubeba programu ya kufungulia pamoja na kipande; dakika kumi kabla ya tukio na kumi baada yake huingia kwenye flashi yoyote.