Bado Haijaingia

Houston, Texas
Katikati ya Mei

Mjomba, shikamoo.

Salamu kwa Bibi, kwa Shangazi, na kwa kamati nzima ya harusi, ambayo nasikia husomewa barua zangu kwa sauti kabla ya kufungua ajenda. Mimi mzima. Joto la huku limeanza kufanana na la Tanga, ila embe tunanunua moja moja.

Ujumbe wenu wa sauti nimeupata wote. Mmoja unauliza kama ile pesa ya Wamarekani imetoka. Mwingine unataja mabati ya Bibi, geji 28, na fundi amekwishapima paa. Wa Shangazi unanijulisha kwamba kwenye karatasi ya ahadi nimeandikwa milioni moja, na kuna mtu amekwishaweka tiki.

Basi tuelewane kuhusu pesa yenyewe, maana naona huko imepandishwa cheo ikawa msaada. Kila wiki mbili, nyumba ya wazee ninayofanyia kazi inanilipa, na kabla sijauona mshahara kodi imekwishakatwa, tena kwa makadirio. Mwaka ukiisha mwajiri anatoa karatasi inayoitwa W-2, mwisho tarehe 31 Januari, kisha najaza ritani. Nikiwa nimekatwa pungufu, naongeza. Nikiwa nimekatwa zaidi, narudishiwa. Ni chenji yangu iliyoko kwa konda, Mjomba, isipokuwa konda huyu usipoidai ndani ya miaka mitatu anaiweka mfukoni kihalali.

Wewe uliyestaafu forodhani utashangaa. Kwetu PAYE ikishakatwa, mfanyakazi wa kawaida anaendelea na maisha yake. Huku kila mtu ni mhasibu wa lazima mpaka tarehe 15 Aprili, na ndiyo maana wamezuka mafundi wa kodi. Wetu ni mtu wa nyumbani. Simtaji jina, maana barua hii najua inafika mbali kuliko anwani yake. Ofisi yake iko kati ya kinyozi na duka la unga wa sembe, inafunguliwa Januari, na sifa zake zilivuma msikitini na kanisani kwa pamoja, jambo ambalo hata mwezi mwandamo haujaliweza. Watu walikuwa wanatoka pale wanatabasamu. Nikampelekea W-2 yangu, akaniambia nitapata karibu dola 2,000, niende nikapumzike.

Ritani ikaenda kwa mtandao mapema Februari. IRS, ndiyo TRA ya huku, inasema nyingi za namna hiyo hulipwa ndani ya siku 21, na ina ukurasa wa mtu kufuatilia pesa yake: imepokelewa, imeidhinishwa, imetumwa. Ukurasa unabadilika mara moja kwa siku, usiku, kwa hiyo kuufungua kila saa ni ibada tu. Yangu ikabaki kwenye imepokelewa. Shangazi akajitolea kunisaidia kuufuatilia akiwa Tanga, kwa kuwa yeye huamka mapema. Nilikuwa karibu kukubali, mpaka nikakumbuka kwamba ukurasa haufunguki bila kutaja kiasi kamili mtu anachodai. Shangazi, nakuheshimu sana. Jibu ni hapana.

Machi ikaja barua, 5071C kwa jina lake la kiserikali, inanitaka nithibitishe kwamba mimi ndiye mimi. Si ajabu, wezi wa huku hujaza ritani kwa majina ya watu na kuondoka na pesa. Inabidi uwe na barua mkononi, ritani ya mwaka huu na ya mwaka uliopita. Nikamwomba fundi nakala. Simu haipokelewi. Nikapita ofisini: pazia limeshushwa, na yule kinyozi ananiangalia kwa huruma ya mtu aliyekwishaulizwa swali hilo na wengi. Mwishowe nakala ikaja kwa WhatsApp, picha zimepigwa kiupande, kidole gumba chake kikionekana pembeni.

Hapo ndipo nilipojifunza kwamba nina saluni.

Ya kusuka nywele, Mjomba. Iko kwenye fomu inayoitwa Schedule C, imesajiliwa kwa jina langu, na mwaka jana imepata hasara ya dola 9,800. Kuna gharama za rasta, za dawa za nywele, za mashine za kukaushia. Unanijua. Kichwa changu hakijaona kitana tangu nikiwa chuoni. Kumbe ile hasara ndiyo iliyonenepesha pesa: kipato kinashuka kwenye karatasi, kodi inashuka, marejesho yanapanda, na watu wanatoka ofisini wanatabasamu.

Kulikuwa na karatasi nyingine, 8888, inayoruhusu marejesho kugawanywa kwenye akaunti hadi tatu. Ya kwanza ni yangu. Ya pili sikuijua, na ilikuwa imepangiwa dola 450. Sheria inamkataza mwandaaji kuielekeza pesa ya mteja kwenye akaunti yake. Pia inamtaka kila anayelipwa kwa kazi hii awe na namba yake ya utambulisho, aiandike, na aweke sahihi. Mahali pa sahihi ya mwandaaji palikuwa peupe. Kwa macho ya serikali ritani ile nimeijaza mwenyewe, nikiwa nimekaa kwenye saluni yangu. Na hata angesaini, huku anayewajibika kwa kilichoandikwa ni mwenye ritani.

Nikaenda maktaba ya umma, ambako kuna VITA. Msishtuke, si ile vita. Ni watu wa kujitolea wanaowajazia ritani wenye kipato cha kawaida bila malipo, mpango uliopo tangu 1969. Nikapangiwa mzee mmoja mhasibu mstaafu, miwani imefungwa kamba shingoni. Akasoma Schedule C mstari kwa mstari. Akaniangalia kichwa. Akarudi kwenye karatasi. Akaniuliza taratibu, kwa adabu zote, biashara ya nywele inaendeleaje.

Tulipomaliza kucheka akapiga hesabu ya kweli: dola 800 na ushee. Hizo ndizo zangu. Utaratibu ndio huu: kwanza uthibitisho wa kuwa mimi ni mimi, ambao nimeufanya, na baada yake inaweza kuchukua hadi wiki 9. Ritani ya kwanza ikishamaliza njia yake, inafuata ya marekebisho, 1040-X, ambayo kwa kawaida ni wiki 8 hadi 12, na inaweza kufika 16. Malalamiko dhidi ya fundi yana fomu yake, 14157, nimeituma. Ipo pia ya kuomba mtetezi wa mlipakodi kwa mtu aliyebanwa kweli kweli, anayekaribia kufukuzwa kwenye nyumba. Namba yake ni 911, ile ile ya kuita polisi na zimamoto. Nilimuuliza mzee kama kamati ya harusi inahesabika. Akasema nieleze zaidi. Nilipoeleza, akasema inatisha lakini haihesabiki.

Kuna faraja moja ndogo. Pesa ya mtu ikicheleweshwa kupita siku 45 baada ya mwisho wa kujaza, serikali huilipia riba. Na riba hiyo mwaka unaofuata inakatwa kodi.

Kwa hiyo, Mjomba: mabati yasubiri, au fundi akubali kuanza na upande wa jikoni unaovuja, nitatuma kutoka kwenye mshahara mwezi ujao. Ile milioni ifutwe tiki iandikwe laki mbili, na Shangazi asinipigie mpaka hasira zishuke.

Fundi wetu nilimwona Jumapili kwenye mkutano wa jumuiya, kavaa suti mpya ya buluu, anasalimia watu kwa mikono miwili. Kanikumbatia, kaniuliza habari za nyumbani. Uchaguzi ni Jumamosi ijayo. Anagombea uweka hazina, na mpaka sasa hana mpinzani.

Mpwa wako.